Wasafiri wa Chumba cha Nyuma

Katika mji wetu hakuna mzee anayepoteza kumbukumbu. Wazee wetu husafiri tu.

Msicheke kwanza. Kucheka ni kazi yangu mimi. Yenu ninyi ni kusoma. Nasema husafiri. Mzee akianza kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa, akianza kutia chumvi kwenye chai na kulalamika kwamba sukari ya siku hizi imeharibika, akijitwisha jembe asubuhi kwenda kwenye shamba lililouzwa kabla mimi sijazaliwa, basi watu wa nyumba hiyo wanaangaliana. Mmoja wao anateremsha sanduku kutoka juu ya kabati. Kesho yake majirani wanaitwa. Mzee anavikwa nguo yake nzuri, anashikishwa sanduku (tupu, maana akibebeshwa zito ataanguka na kuharibu sherehe), anatolewa kwa mlango wa mbele. Watu wanapunga mikono. Kina mama wanalia kidogo, kwa adabu. Kisha mzee anazungushwa nyuma ya nyumba, pale penye tangi la maji na banda la kuku, anaingizwa kwa mlango wa jikoni, anakalishwa chumba cha nyuma. Amesafiri.

Safari yenyewe ni ya hatua arobaini. Ya Bibi yangu ilikuwa arobaini na mbili, kwa sababu alisimama kuwaamkia kuku.

Na majirani, hawajui? Wanajua sana. Wakimaliza kupunga mikono wanakimbilia makwao, kila mmoja akampelekee uji msafiri wake.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, tena nasikia lilikuwa zuri, ila mzee wa mwisho aliyelijua alisafiri kabla hajamtajia mtu, na kwa kuwa msafiri haulizwi kitu, tukaacha hivyo hivyo. Tunauita Hapa. Unatoka wapi? Hapa. Unakwenda wapi? Hapa hapa.

Bibi yangu anaitwa Nyamizi, na alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Hapa waliingia duniani kupitia mikono yake. Aliwajua watu kabla hawajavaa nguo na vyeo. Aliwajua wengine kwa kuanzia makalio, maana wapo waliotanguliza makalio, na mpaka leo ndivyo wanavyoingia kwenye mazungumzo ya watu. Mwaka ule alipoanza kusahau, alichukua mkoba wake akaenda kwa kikongwe mmoja mtaa wa pili, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akamlaza chali, akaagiza maji ya moto, akamwambia, "Haya, sukuma!" Mtoto aliyekuja kumpokea alikuwa ameshazaliwa miaka arobaini iliyopita, alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ana kitambi na mvi. Lakini mtu hamkatalii mkunga. Yule kikongwe, kwa heshima, akasukuma kidogo.

Mimi nilicheka wiki nzima. Baba alinyamaza wiki nzima. Kisha siku ya mkutano Bibi alisimama katikati ya watu akamwambia Mjumbe wetu kwamba suruali yake imefunguka, afunge, asije akapata baridi, mwanangu. Jioni ile ile sanduku likateremshwa.

*

Mtu ni nini?

Mwalimu wetu wa Baiolojia alisema mtu ni maji mengi na chumvi kidogo. Akasema na mimi chumvi yangu imezidi, akanitoa nje. Mwalimu wa Dini alisema mtu ni roho iliyopanga nyumba. Lakini Hapa hakuna anayewafuata walimu. Hapa mtu ni yule anayeamkiwa, basi. Shikamoo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Ukiamkiwa upo, ukipitwa kimya, hata kama unapumua, hata kama umekanyaga mguu wa mtu akasema aah, hupo. Na sheria ya wasafiri iko wazi: aliye safarini haamkiwi. Utamwamkia nani, wakati hayupo? Unaingia na uji, unaweka, unamfuta mdomo, unatoka kimya, kama mtu anayemwagilia mche wa papai. Hapana, nimekosea. Shangazi yangu huongea na mche wake wa papai.

Basi kila nikifungua kile chumba, Bibi alikuwa na swali moja.

"Mke mwenza, mbona siku hizi siamkiwi? Nimewakosea nini watu?"

Mke mwenza ni mimi. Jina langu ni Shija, mtoto niliyewafuata mapacha, lakini kwa mila zetu bibi na mjukuu wake wa kike ni watani, wote wawili ni wake wa babu. Tumegombania mume tangu nina miaka minne. Babu alikufa nikiwa na sita, hatukuona sababu ya kuacha.

"Mume wetu amelala kwako tena," Bibi alikuwa akinishtaki zamani, mbele za watu. "Msichana huna haya, meno yenyewe yanang'oka."

"Yangu yataota, mke mkubwa. Yako je?"

Watu walikuwa wanashika mbavu. Sasa hebu nifikirieni. Utani ni daraja, linahitaji nguzo mbili: wewe ujue ni utani, na mwenzako ajue. Siku moja niliingia na sahani ya viazi, nikamwambia mume wetu anakusalimu. Aliichukua sahani akaificha chini ya mto, akanikazia macho ambayo sijawahi kuyaona.

"Usinichezee. Najua unamroga. Najua ni wewe uliyenifungia humu ili ubaki naye."

Nguzo moja ilikuwa imeondoka. Nikabaki nimesimama juu ya hewa, nina mzaha mkononi na pa kuuweka sina. Na ubaya ni kwamba sehemu moja ya lile neno ilikuwa kweli. Ni mimi niliyekuwa naweka komeo.

Chumba kile kina saa yake. Nje ni Jumanne. Ndani ni mwaka wa nzige. Ukivuka kizingiti unakuwa dada yake aliyezama mtoni. Ukifika katikati ya chumba unakuwa mkwe wake mkorofi. Ukikaa kitandani, kama siku ni nzuri, unakuwa mama yake, na anakuwekea kichwa mapajani na kukuambia wenzake wamemwibia kigari chake cha kuchezea cha mabua. Nimeingia mle nikiwa mjukuu, nikatoka na bakuli tupu nikiwa nimeshamzaa Bibi yangu, na likizo ya uzazi sikupewa.

Nikajiuliza, na bado najiuliza: nani amemsahau mwenzake? Yeye amesahau majina yetu. Sisi tumesahau kwamba yupo. Yeye anaumwa. Sisi tunaumwa nini?

*

Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, watu wa Hapa hukusanyika kwenye banda la mikutano, na Mjumbe Katabi husoma barua za wasafiri. Ndiyo, wasafiri huandika. Familia isiyopata barua inatia shaka. Nyingi ni zile zile: salamu sana baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu, huku mvua zimechelewa. Unasinzia, unashtuka, unakuta bado mvua zimechelewa.

Kwetu kazi ya kuandika walinipa mimi. "Wewe ni mtani wake," alisema Shangazi Kabula, dada yake Baba. "Mtani akisema uongo si dhambi, ni mila."

Nikaandika. Na kwa kuwa chumvi yangu imezidi, nilizidisha. Nikaandika kwamba Bibi amefika katika nchi ambayo watu huzaliwa wazee, akimpokea mtoto anamwambia, "Asante dada, lakini umenichelewesha." Kwamba kule kuna mto unaorudi nyuma kila Jumatano, na wanawake hupanga foleni ili waoge ujana wao, na yeye alipita foleni kwa kusingizia mimba. Kwamba mfalme wa kule ana vivuli viwili na kimoja kinadai kiti. Banda zima lilikuwa linalia kwa kicheko. Watu waliokuwa hawajamwona Bibi kwa mwaka mzima walikutana njiani wakaambizana, "Umesikia Nyamizi alivyosema?" Wakaanza kumnukuu kwenye harusi. Mafundi cherehani wakashona vitenge vya mtindo ambao nilisema amevaa kule.

Baba naye alicheka. Halafu Jumapili moja nilimwona anafuta macho. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, anajua wino ule ni wangu, anajua mama yake yuko nyumbani amejifunga shuka kichwani, na bado alikuwa anamkumbuka mama aliyekuwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimfanya Bibi awe mtamu kuliko alivyokuwa. Yule wa barua hakojoi kitandani. Yule wa barua hasahau kitu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusema "mimi" nikimaanisha yeye, na mwandiko wangu ulikuwa umeanza kutetemeka kwenye herufi za mwisho, kama wa kikongwe. Kila ukurasa niliojaza nje, chumba cha nyuma kilipungua. Nilikuwa namkamua wa chumbani kumnywesha wa barua.

Nikamwendea Baba. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, Shangazi yuko pembeni anapepeta mchele.

"Baba, tumtoe Bibi nje. Akae kibarazani, apigwe na jua, watu wamwamkie."

"Bibi yako yuko safarini."

"Nimetoka kumpa uji sasa hivi, Baba. Ameutema kwenye gauni langu, ona."

"Basi safari imemchosha."

Shangazi aliguna kicheko, akakimeza na pumba.

"Ni ugonjwa, Baba. Ubongo unaugua kama ini linavyougua. Tulisoma kidato cha tatu."

"Ini likiugua halimvulii Mjumbe suruali mbele za watu."

"Hakumvulia. Alimwambia afunge."

"Shija!"

"Mwanangu," Shangazi aliingilia, sauti yake chini, "mimi nina mabinti wawili wanangoja kuchumbiwa. Wakwe watakuja watauliza, huko kwenu vichwa vinavuja? Niwaambie nini?"

"Waambie vinavuja, Shangazi. Na kwao vinavuja. Wamekinga ndoo tu."

Baba aliweka kisu chini. Nilidhani atanipiga, lakini alikaa akiutazama ule mpini kama umemwuliza kitu.

"Niliingia mle mwezi wa kwanza," alisema. "Wewe unadhani sikuingia? Aliniuliza, wewe baba, ni mtoto wa nani? Nikamwambia, wako, mama, mimi Maganga. Akasema hapana, Maganga wangu ni mdogo, anaogopa radi. Akaniomba nikitoka nimtafute, nimwambie aingie ndani, mvua inakuja." Akaokota kisu. "Sasa mimi nikamtafute wapi, Shija? Wewe mwenye maneno, niambie."

 

*

Ndipo nikafanya kosa langu. Ni kosa la mtu mwenye akili, kwa hiyo ni kubwa.

Nilifikiri hivi: kama karatasi ilimpeleka, karatasi itamrudisha. Jumapili iliyofuata Mjumbe akafungua barua, akasoma kwa sauti yake ya mkutanoni: *Ndugu zangu wa Hapa, nimechoka na nchi za watu. Jumapili ijayo, jua likiwa utosini, nipokeeni njia panda. Mimi wenu, Nyamizi.*

Vikapigwa vigelegele vilivyoinua bati.

Haijawahi kutokea. Msafiri kurudi! Watu walikumbatiana, na nyuma ya furaha yao niliona kitu kingine kinachungulia, nikakipuuza. Nyumbani Baba alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

"Umeandika nini?"

"Barua, kama mlivyoniagiza."

"Andika nyingine. Sema gari limeharibika. Sema daraja limevunjika, sema amepata mume huko, sema chochote!"

Sikuandika. Wiki nzima mji ulifagiwa. Walichora jina la Bibi kwenye shuka jeupe, wakalifunga kati ya nguzo mbili. Kwaya ikatunga wimbo. Wanawake wakakubaliana watakavyomwuliza habari za ule mto.

Jumapili ilipofika, Baba na Shangazi walitangulia, kwa sababu wenye mgeni ndio hukaa mbele. Mimi nikatoa komeo. Nilimwogesha Bibi, nikamvika kitenge. Alikigeuza ndani nje, nikakiweka sawa, akakigeuza tena, nikaacha. Nikamwamkia pale pale chumbani, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu alipofungiwa.

"Shikamoo, Bibi."

Alinitazama kama mtu aliyepewa maji.

"Marahaba, mke mwenza. Kumbe nipo?"

Nikamtoa kwa mlango wa mbele.

Njia panda ilikuwa imejaa. Aliposikia ngoma, Bibi alisimama, akapiga kigelegele chake, kirefu, cha mkunga anayetangaza mtoto wa kiume.

"Nani anapokelewa?" akaniuliza.

"Wewe."

"Mimi?" Akajitazama miguu. "Mbona sijaenda popote?"

Umati ukafunguka ukatupisha, wakidhani tunakwenda kukaa mbele kama wenyeji. Walikuwa wanatazama juu ya vichwa vyetu, barabarani, mbali, penye vumbi. Tulifika mpaka chini ya lile shuka lenye jina lake. Mjumbe Katabi alikuwa amesimama na hotuba mkononi.

"Shija, mgeni wetu yuko wapi?"

"Huyu hapa, Mjumbe."

Alimtazama. Wakamtazama wote. Kikongwe kidogo, kitenge ndani nje, ndala moja nyekundu moja ya bluu. Kisha mtu nyuma akacheka, na kicheko kikaenda kama moto wa nyasi.

"Mtani huyo! Ameanza!"

"Shija, kaburini utataniana na malaika wewe!"

"Sitanii," nilisema. Wakazidi kucheka. "Jamani, sitanii! Huyu ndiye Nyamizi. Hajawahi kwenda popote. Barua niliandika mimi. Mto niliutunga mimi, chooni!" Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, akajipiga mapaja, akaniomba niache, atajikojolea.

Ndiyo faida ya kuwa mtani: unaweza kusema lolote. Na ndiyo adhabu yake. Nilikuwa na ruhusa ya mji mzima kusema ukweli, na kwa sababu hiyo hiyo haukuwa na bei hata ya ndizi. Nililia, wakasema naigiza vizuri.

Aliyewanyamazisha ni Bibi. Aliniachia mkono, akamwendea Mjumbe, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Vidole vikapita nyuma ya sikio la kushoto, vikasimama.

"Huyu alikuja na kitovu shingoni, mara mbili," alisema, na sauti ilikuwa ya zamani, ya kazini. "Wa bluu kama jioni. Mama yake alikuwa ameshageukia ukutani. Nikampulizia, nikampiga mgongoni, akakataa kulia. Nikamwambia, wewe mbishi, hata kifo utabishana nacho. Ndipo akalia." Akatabasamu. "Umekua. Hujambo, mwanangu?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mjumbe anafumba macho. Hadithi ile mama yake alimwachia, na hakuna mwingine aliyekuwa chumbani siku ile. Midomo yake ilifunguka. Naapa ilikuwa imeanza, ile shi ya shikamoo, ulimi ulikuwa umeshapanda.

Halafu akafumbua macho akaona watu. Nami nikaona alichokiona, kile nilichokipuuza Jumapili iliyopita. Kila uso pale ulikuwa unamwomba. Maana kama huyu ni Nyamizi, basi hakuna nchi yoyote, hakuna mto, na babake fulani hayuko ng'ambo, yuko nyuma ya ukuta wa jikoni kwake, na mlango una komeo, na komeo lina mkono ulioliweka. Mji mzima ulikuwa umesimama nyuma ya ulimi wa mtu mmoja.

Mjumbe akautupa mzigo kwa mwenye nao.

"Maganga," alimwambia Baba. "Wewe ndiye mwenye mama. Tuambie. Huyu ni yeye?"

Bibi aligeuka kumtazama anayeulizwa. Alimtazama Baba kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni rasmi, akamngojea naye ajibu.

Mimi sikumlaani Baba siku ile. Nimemlaani baadaye, kwa utulivu, na mara nyingine namsamehe kabla ya chai nikamlaani tena baada ya chai. Alikunja uso kama mtoto. Akasema:

"Mama yangu bado hajafika."

Mji ukapumua. Nilisikia ile pumzi, ilitikisa shuka.

"Basi mpeni maji huyu mgeni," alisema Mjumbe, akakunja hotuba yake, hamtazami mtu, "amesema maneno mazuri." Kisha wakaendelea kungoja. Walingoja mpaka ngoma zikapoa na kwaya ikaanza kugombana. Bibi naye akangoja pamoja nao, anatazama barabara, akiniuliza kila baada ya muda kama huyo mtu ni wa kuaminika.

*

Hapo wenye akili wote walisahau jambo moja. Msafiri unaweza kumfungia, maana hayupo. Mgeni huwezi. Wamemtangaza mgeni wenyewe, mchana, mbele ya watu wote, na mgeni hakai chumba cha nyuma. Mgeni hukaa mbele.

Kesho yake nikatoa kiti kibarazani, nikamkalisha Bibi juani, uso kwa uso na barabara. Shangazi alisimama mlangoni na ungo wake, akaenda akaleta mto wa kuweka mgongoni.

Baba alirudi mchana, akapita ubavuni mwa nyumba. Kutoka ndani nikamsikia anauliza:

"Mgeni amekula?"

Mama yake mzazi. Nikajibu mgeni amekula.

Watu walipita. Aliowapokea, na watoto wa aliowapokea. Wakifika mbele yetu walikuwa wanakumbuka kitu upande wa pili. Mmoja alifunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. "Hujambo, Shija," walisema wachache, na macho yao yakaruka kiti kama dimbwi. Bibi alikuwa anainua kidevu kila mara, ameshaandaa marahaba mdomoni, halafu anaimeza. Siku ya kwanza nilihesabu marahaba alizomeza. Siku ya pili niliacha. Nilitaka kuwatukana, niliona nitawafurahisha tu.

Siku ya tatu, asubuhi, mlango wa mbele wa nyumba ya pili ya barabara ukafunguka. Ni kwa Mama Sizya, ambaye baba mkwe wake alisafiri miaka mitano iliyopita na huandika kila Jumapili kwamba mvua zimechelewa. Alitoka na kiti cha mbao, cha zamani, chenye mikono. Akakiweka kibarazani kwake. Akakifuta kwa upande wa khanga. Akakigeuza kidogo, kikatuelekea. Alinitazama mara moja tu, haraka, akaingia ndani.

Hakutoka tena. Jua likapanda, kivuli cha kile kiti kikafupika. Watu wakaanza kukikwepa hicho pia, wakawa wanapita katikati kabisa ya barabara, kwa mstari, kama siafu.

"Mke mwenza," alisema Bibi, amekunja macho. "Yule pale ni nani amekaa?"

"Hajakaa mtu, Bibi. Kiti tu."

"Usiwe na kiburi. Msalimie."

Barabara ilikuwa na watu. Mjumbe Katabi alikuwa anapita, anatazama mbele. Nilisimama. Nilitafuta mzaha wa kujikingia, sikuupata hata mmoja, nikapaza sauti kwa mara ya kwanza bila kutaka mtu acheke.

"Shikamoo!"

Watu wakasimama. Kiti kikakaa kimya. Ndipo kutoka ndani kabisa ya nyumba ile, nyuma ya ukuta wa jikoni, sauti ya mzee mwanamume, kavu, yenye kutu ya miaka mitano, ikaitikia kwa nguvu zake zote:

"Marahaba, mwanangu! Nani anayeniam—"

na mkono wa mtu ukaifunika.